Wajawazito wa Kisiwani Waliokuwa Wakikaa Mbagala

Kila nikisema nilifanya kazi ya kupanga huduma za afya visiwani, kijana anayenisikiliza huwaza mambo mawili: bahari na posho. Bahari ilikuwepo. Posho tuiache.

Nimestaafu, nakaa Kibada, Kigamboni, nafuga kuku wa mayai. Naandika haya kwa ajili yenu mnaoingia sasa kwenye kazi hii, mnaotumwa na vishikwambi mkononi mkaone watu wa kisiwa fulani wanahitaji nini. Sina nadharia ya kuwapa. Nilizisoma zote, nyingine ni nzuri, lakini nadharia haijawahi kushuka kwenye boti ikalowa mpaka kiunoni. Nitawasimulia niliyoyaona, nanyi mtachukua mnachokitaka.

Kazi yenyewe ni hii. Unakwenda mahali, unaangalia watu ni wangapi, wanaumwa nini, wanafikaje kwenye tiba, halafu unarudi mjini na kusema wapewe nini na wasipewe nini. Sehemu ya mwisho ndiyo ngumu, maana vya kutoa siku zote ni pungufu. Ukimpa mkunga huyu, umemnyima yule. Asiyeweza kulala na jambo hilo atafute kazi nyingine, na asiyelihisi kabisa naye atafute nyingine.

Aliyenifundisha ni Mzee Kapinga, mtu wa Mbinga, mkuu wangu wa kwanza, aliyeogopa maji kuliko binadamu yeyote niliyepata kumwona. Akipanda boti hufumba macho mpaka tufike ng'ambo. Huku amefumba ananihoji. "Utawauliza nini ukishuka?" Siku ya kwanza nikajibu kwa kujiamini kwamba nitawauliza wanahitaji nini. Akatikisa kichwa bila kufumbua macho.

"Ukiwauliza wanahitaji nini, watakutajia kile wanachodhani umekuja nacho."

Tulishuka, nikauliza hivyohivyo, kwa ubishi wa ujana. Wazee wa pale wakaomba gari la wagonjwa. Kisiwa chao hakina barabara. Kina njia za miguu kati ya minazi, na mchanga unaomeza hata baiskeli. Nikawauliza gari litapita wapi. Mmoja wao akaniambia kwa upole, "Tulisikia ndilo mnalotoa mwaka huu." Mzee Kapinga alikuwa akikamua maji kwenye suruali yake, anafurahi.

Swali lake yeye lilikuwa moja: mgonjwa wa mwisho kubebwa hapa alikuwa nani, na alibebwaje? Liulizeni hilo. Watu watabishana kidogo, kisha watawaeleza kila kitu: nani aliamua mgonjwa aondoke, boti ilikuwa ya nani, mafuta yalitoka wapi, walikwama sehemu gani, na wakati ule mhudumu wa zahanati alikuwa wapi. Mgonjwa mmoja aliyebebwa ana habari nyingi kuliko mkutano wa kijiji mzima.

Jambo jingine la kuangalia ni jokofu la chanjo. Lifungueni wenyewe. Msimwamini mtu anayewaambia kwamba liko sawa. Mahali pamoja nililifungua nikakuta chanjo zimepangwa vizuri kabisa, na pembeni yake dumu la juisi ya ukwaju ya mwenyekiti wa kijiji. Nesi alikuwa binti mdogo, ametoka chuoni, angemkatalia vipi mwenyekiti? Niliitoa ile juisi mwenyewe, nikampelekea mwenyekiti nyumbani kwake, nikamsifia mkewe kwa ukwaju mzuri. Haikurudi tena kwenye jokofu. Ningelisema mkutanoni, yule binti angepata tabu mimi nikiondoka.

Tena kuna habari ya Jumanne. Kisiwa kimoja kilikuwa na kliniki ya watoto kila Jumanne. Jumanne nyingine inafurika, Jumanne nyingine nesi anabaki na mbuzi. Ofisini tukaandika maneno tunayoyapenda, mwitikio mdogo wa jamii. Ikapendekezwa semina ya uhamasishaji, na semina ikafanyika. Mbuzi wakaendelea kuja.

Sasa, nyinyi mliokulia Goba na Mbezi huenda hamjui kwamba kuna siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali sana na miamba yote inabaki wazi, na kuna siku za maji mafu, bahari inapocheza palepale. Siku za bamvua wanawake wote wako mwambani na vijiti vyao wanatafuta pweza, na hakuna mwenye akili anayeacha pweza akapimishe mtoto uzito. Jumanne ikiangukia bamvua, kliniki tupu. Tuliihamisha kliniki ikafuata maji mafu, watoto wakaja. Ofisi ilinung'unika muda mrefu, kwa sababu kalenda yake ya ukutani haionyeshi maji mafu. Kalenda za ukutani haziugui surua.

Lakini kisa nilichotaka kuwapa hasa ni cha mwishomwishoni mwa utumishi wangu. Kisiwa sitakitaja. Wenyewe wako, na hawakuniomba niwaandike. Tuseme tu ni upande wa kusini, boti zake zinaondokea bandari bubu moja ukishapita Kimbiji.

Kisiwa kile kilikuwa na zahanati na mkunga mmoja, Sista Debora, mwanamke wa Singida aliyejaa mwili, asiyejua kuogelea, na aliyekaa pale miaka kadhaa bila kulalamika. Ofisi iliamua ahamishwe. Aletwe bara, kwenye zahanati yenye watu wengi, kisiwa kibaki na mhudumu wa kawaida. Sababu ilikuwa wazi: wanawake wa umri wa kuzaa waliohesabiwa pale walikuwa wachache mno. Vijana walishahamia Temeke, wengi wao Mbagala, kwa kazi na kwa ndoa. Hesabu ile haikuwa na kosa. Nilikuwepo ilipofanywa, kila mtu aliyelala kisiwani alihesabiwa.

Sista Debora alikuwa akipiga simu kusema anazalisha sana, tena wengi wao ni uzazi wa kwanza, na baadhi ni wanawake ambao hajapata kuwaona maisha yake yote. Watu walidhani anatia chumvi ili asihamishwe. Mimi hilo lilinishangaza kidogo, maana sikuwahi kukutana na mtumishi anayedanganya ili abaki kisiwani. Wakati huohuo manesi wa kliniki za Mbagala walikuwa na malalamiko yao: kuna wajawazito wanahudhuria vizuri, hawakosi, halafu mimba ikifika mwezi wa nane wanapotea. Ukipiga simu haipatikani. Wakawaita watoro. Malalamiko haya mawili yaliishi kwenye ofisi mbili tofauti, na hakuna aliyeyakutanisha.

Nikatumwa mimi kwenda kuwaeleza viongozi wa kijiji na Sista Debora habari ya uhamisho. Gari la ofisi likaniacha bandarini, dereva akabaki chini ya kivuli kunisubiri. Nikapanda faiba, zile boti za mashine mnazozijua. Ubavuni pangu akaketi binti mmoja ameshika godoro lililokunjwa na beseni la nguo za mtoto. Aliitwa Zuhura.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unakwenda kusalimia?"

"Nakwenda kujifungua."

Nilidhani ananitania. Nikamuuliza anakaa wapi, akasema Mbagala, Charambe, mume wake ni fundi magari.

"Na hospitali si ziko hukohuko Mbagala?"

"Zipo. Kliniki nimehudhuria zote, kadi ninayo. Ila hii ya kwanza." Kwa maoni yake alikuwa ameshajibu.

"Ya kwanza ndiyo nini?"

Akanitazama kwa huruma. "Mama jamani, ya kwanza si unakwenda kwenu? Kwa mama?"

"Na wenzako wanafanya hivyo?"

"Sie wote. Pale mtaani tuko wengi wa kisiwani. Binti wa mjomba karudi juzi na kichanga chake, arobaini ishapita."

Mimi nimezaliwa Temeke, wazazi wangu wametoka Masasi, na mila hiyo naijua tangu utotoni. Pwani nzima inaijua. Mtoto wa kwanza anazaliwa kwa mama. Ofisini kwetu hakukuwa na mtu asiyeijua, nusu yetu tulizaliwa hivyo. Lakini tulipokaa mezani kupanga, tuliiacha nje pamoja na viatu. Tulihesabu waliolala kisiwani, wakati wajawazito wa kisiwa kile walikuwa wamelala Charambe. Nilikuwa nakwenda kumwondoa mkunga, na mteja wake ameniegemea bega, usingizi umemchukua.

Tulipofika Sista Debora alikuwa ufukweni kunipokea. Hakunipokea. Alimwangalia Zuhura akishuka, akamshika mkono, akamwuliza kama kichwa kinamuuma.

"Tangu juzi," Zuhura akasema. "Nadhani jua."

"Na macho?"

"Naona vimulimuli."

Wakaenda zahanati, nami nikafuata. Sista Debora akampima presha, akasubiri, akampima tena mkono wa pili. Kisha akanigeukia. "Bosi, ile faiba isiondoke."

Nikamtuma mtu akaizuie. Niliporudi mama yake Zuhura alikuwa amefika, Bi. Mwanaidi, mwembamba, mikono ina unga. Alikuwa ameshatayarisha chumba. Mkeka mpya, pazia, na pilipili manga ya uji wa mzazi ameisaga mwenyewe. Sista Debora akamwelezea taratibu kwamba kifafa cha mimba kinamnyemelea binti yake. Yeye Sista ana sindano ya kukizuia kwa muda, lakini hana damu ya kuongeza na hakuna daktari wa kupasua. Lazima avuke leo hii aende hospitali.

"Amekuja kwao," Bi. Mwanaidi akasema. "Hatoki."

"Mama, akibaki anaweza kufa."

"Wewe umewazalisha wangapi hapa? Hajafa mtu."

"Hao hawakuwa na presha hii. Ningekuwa na uwezo naye ningekwambia."

Nikajitia kati, nikasema twendeni wote, mama na binti. Nilijiona nimetoa ufumbuzi. Bi. Mwanaidi akanigeukia.

"Nikalale wapi mie? Kwa mkwe wangu? Nikaoge bafuni kwake, nile chakula chake, anione asubuhi sijajitanda? Halafu mwanangu azae mikononi mwa wakwe na mie niko hai?"

Hapo nikaelewa kwamba hakuwa akishindana na hospitali. Tulikuwa tumejenga, mahali pengine, nyumba ya wajawazito ya kungojea siku zao karibu na hospitali, ina vitanda safi, na ilikaa tupu miaka. Tulisema wanawake hawajaelimika. Ilikuwa na kitanda cha mjamzito, haikuwa na mahali pa mama yake kulala wala jiko la kumpikia.

"Utalala kwangu," nikamwambia. Wakati ule nilikuwa bado nakaa Kizuiani, Mbagala hukohuko, sijahamia Kibada. "Kwangu si kwa mkwe."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Una jiko la mkaa?"

"Ninalo."

"Mume?"

"Marehemu."

Akaingia ndani, akatoka amejifunga khanga safi, kifuko cha pilipili manga mkononi. Sista Debora akamchoma Zuhura sindano, vijana wakambeba juu ya godoro lake mwenyewe mpaka kwenye boti. Habari za uhamisho sikuzitamka. Sista alizijua, alikuwa ameshaambiwa na mtu mwingine kwa simu. Akaniuliza tu wakati natia mguu majini, "Mie nifungashe?" Nikamwambia asubiri.

Safari ya kurudi Zuhura alilala kichwa mapajani mwa mama yake, na mama alimshika taya kila boti ilipodunda. Dereva alitukuta majini. Ile njia ya Kimbiji mnaijua ilivyo. Dereva alikwenda polepole kwenye mashimo na kwa kasi palipobaki, na kila shimo nilikuwa nasikia kosa la mpango fulani wa maendeleo, si wangu, wa wenzangu wa barabara.

Kabla sijawafikisha hospitali niseme habari ya ofisi, maana najua ndiyo mtakayoihitaji kazini. Wiki zilizofuata nilikwenda Charambe kwa miguu, nikawauliza wanawake swali jepesi: mama yako yuko wapi? Waulizeni hivyo wajawazito wenu wa mimba ya kwanza. Mtajua atazalia wapi kabla yeye mwenyewe hajawaambia. Manesi wa Mbagala wakaanza kuuliza mapema, na mwenye presha au mwenye nyonga nyembamba wakamwita mama yake aje mjini mapema, wazungumze naye yeye. Nyumba ya kungojea ikaongezwa chumba na jiko, ikajaa. Sista Debora hakuhamishwa. Mkuu wangu wa wakati huo aliniuliza inakuwaje nakipa kisiwa mkunga kwa ajili ya watu wanaokaa Mbagala, nikamwambia aangalie wanazalia wapi. Aliguna akapitisha. Zahanati ile ya bara iliyokuwa impate Debora ilikaa bila mkunga muda mrefu zaidi. Hilo nalo mlijue, kuna wanawake pale walionyimwa ili hawa wapate, na siwajui majina.

Tulifika hospitali mchana. Wakamwingiza Zuhura moja kwa moja, na nesi wa mlangoni akamzuia mama yake kwa adabu, ndugu mwisho hapo. Bi. Mwanaidi alikuwa bado ameshika vidole vya mwanawe. Kitanda kikasogea, vidole vikaachiana. Akabaki amenyoosha mkono, kisha akauweka chini ya khanga.

Tukaketi kwenye benchi. Alikuwa amevuka bahari ili binti asizae peke yake, na sasa kulikuwa na mlango kati yao. Niliogopa sana. Nilikuwa nimemtoa mtoto wa mtu kwao, na kama angefia barabarani au mle ndani, mimi ndiye niliyekuwa nimemchukua.

Simu yangu ikaanza kuita. Mume wake Zuhura alikuwa njiani anakuja, dada zake wako nyumbani, shangazi yuko Tandika, wote walipewa namba yangu. Kila mmoja aliuliza neno lilelile: kapata nini? Wa kiume au wa kike? Siwalaumu, ndivyo tunavyouliza sote. Hata ofisini tulikuwa tukiuliza hivyohivyo kwa lugha yetu, watoto waliozaliwa hai ni wangapi. Niliwajibu bado. Bi. Mwanaidi alikuwa anasikia, anatazama sakafu.

Hatimaye nesi akatoka, barakoa ameishusha kidevuni. "Ndugu wa Zuhura?"

Mimi nikasimama. Bi. Mwanaidi hakusimama.

"Hongereni," nesi akasema. "Tumemfanyia upasuaji. Mtoto wa kike, analia vizuri, hana tatizo."

"Nimesikia," Bi. Mwanaidi akasema. "Mwanangu mie je?"

"Ndiyo huyo mama, mjukuu wako, mzima kabisa."

"Huyo ni wa Zuhura, atamuulizia mwenyewe. Mie namuulizia wa kwangu."

Nesi akaja akachuchumaa mbele ya benchi, wakawa wanatazamana.

"Zuhura yuko hai, mama. Presha imeanza kushuka. Ameamka sasa hivi, neno lake la kwanza ameuliza kama upo."

Simu yangu ilikuwa inaita tena, nikaizima. Bi. Mwanaidi alijifunika uso kwa khanga, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akaishusha.

"Mwambie nipo," akasema. "Hapa mlangoni."